Orodha ya wahamiaji isitegemee leseni ya siku 30

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu mkiwa katika familia zilizowapokea, leo nasema juu ya jambo ambalo wengi watadhani ni la vijana wa ordinatere peke yao. Sivyo. Jambo hili lilitukuta mlangoni mwa depo, mvua ikinyesha, akina mama wakiwa wameshika jetoni zao mkononi.

Mnakumbuka namna kambi nyingi za kando ya Goma zilivyoondolewa mwezi wa Februari 2025. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakabaki mjini katika nyumba za ndugu. Orodha za kambi zikawa hazina maana tena, maana zilifuata bloku na namba za hema ambazo hazipo. Kundi letu dogo la kartye likaanza kuandika familia upya: jina la mkubwa wa familia, hesabu ya watoto, kijiji walikotoka, avenue wanakolala. Mwanafunzi mmoja wa informatiki akatutengenezea programu bila kuomba hata faranga moja. Wiki nne ilifanya kazi vizuri. Siku ya kugawa unga tukafungua mashini, ikatuandikia kwamba muda wa majaribio umekwisha, tuingize namba ya leseni.

“Papa, siku thelathini zimeisha,” kijana akaniambia kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Nilimuuliza ni nini hasa kilichoisha, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeandika programu. Jibu lake nimelielewa hivi. Programu inaandikwa kwa lugha inayoona vitu: familia, mtoto, jetoni. Hifadhidata, yaani ghala ambamo majina yanalala, yenyewe inajua majedwali tu. Katikati yao watengenezaji wanaweka chombo cha kutafsiri, wanakiita ORM. Ni kama yule mkalimani anayesimama kati ya mgeni wa shirika anayesema Kifaransa na mama anayesema Kihunde. Mkalimani akiondoka, mama bado yuko pale na shida yake bado iko, ila mgeni hamsikii tena.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Majina hayakupotea. Yalikuwa mazima ndani ya PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata ya bure. Mkalimani ndiye aliyegoma, kwa sababu kijana alichukua chombo cha kulipia katika majaribio, akafikiri mwezi ni mrefu. Kijana mwingine akaingia ghalani moja kwa moja, akatoa orodha, tukatafuta mahali pa kuchapisha penye jenereta. Saa nne zilipita. Akina mama walilowa. Mmoja aliondoka kabla hajaitwa kwa sababu mtoto mgongoni alikuwa na homa, na unga wake tuliupeleka kesho yake jioni.

Tangu siku ile nimewauliza vijana wengi juu ya leseni za vyombo hivi, na nimeona kwamba haziko sawa hata kidogo. Vingine viko wazi kabisa. Hibernate ya watu wa Java, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ni ya namna hiyo. Doctrine ya PHP iko chini ya leseni ya MIT. Django, kwa wale wa Python, inakuja na mkalimani wake ndani, chini ya BSD. Hata Microsoft wanatoa Entity Framework Core kwa leseni ya MIT. Kwa vyombo hivi hakuna toleo la maskini na toleo la tajiri, na hakuna tarehe ya kuisha. Wanasheria wanaweza kubishana juu ya tofauti ndogo: Hibernate ilikaa miaka mingi chini ya LGPL, inayotaka mtu akibadilisha chombo chenyewe na kukigawa, mabadiliko yake yawe wazi kwa wengine, toleo la 7, mwaka 2025, likahamia leseni ya Apache yenye masharti mepesi zaidi. Kwa orodha ya kartye, tofauti hiyo haizuii kitu.

Wengine wamechukua njia ya katikati, na mimi nawaheshimu. Mfano ni jOOQ, ambayo yenyewe haijiiti ORM lakini kazi yake ni jirani. Tangu mwaka 2013 ina toleo la bure kwa mwenye kutumia hifadhidata zilizo wazi, kama PostgreSQL, MySQL au SQLite. Mwenye Oracle au SQL Server, hizo kubwa za kulipia, ananunua leseni. Naona ni haki: mtu aliyepata feza ya Oracle hawezi kulia kwamba amekosa feza ya mkalimani. Tena hawahesabu seva, wanahesabu watengenezaji. Ila vijana waangalie jambo moja: toleo la bure linataka Java ya karibuni, na ya zamani inahudumiwa katika matoleo ya kulipia.

Halafu kuna vile vya kulipia tu, vinavyokupa majaribio ya mwezi mmoja. Sisemi ni wezi. Aliyetengeneza chombo naye ana watoto. Rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba ukilipa, unakuwa na mtu wa kumwandikia pale chombo kinapoharibika, na hospitali kubwa yenye bajeti inahitaji mtu huyo. Nakubali. Lakini mnajua hali yetu. Wauzaji hao wanaomba kadi ya benki, na benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, tukabaki na feza ya simu. Siku ile pale depo, hata kama mmoja wetu angekuwa na dola mfukoni, angelipa kwa njia gani?

Ndipo likatoka neno ambalo niliogopa. Mtu akasema kuna duka moja wanakuwekea toleo lililovunjwa kufuli, kwa bei ndogo tu, kwenye flashi. Nilikataa kwa ukali, na wengine walininunia. Fikirini ni nini kilichomo ndani ya mashini ile: nani ametoka kijiji gani, ana vijana wangapi wa kiume, analala avenue gani, namba yake ya simu ni ipi. Mtu asiyejulikana aliyevunja kufuli ya programu anaweza kuacha ufunguo wake mwenyewe ndani. Kuna familia hapa zilizohama mara tatu kwa sababu jina lao lilifika mahali lisipostahili kufika. Mimi ni heri nisomewe daftari la karatasi usiku kucha.

Kwa hiyo, kijana yeyote akija kwenu na programu ya kuandika familia, mshukuruni, kisha mama au baba mmoja amuulize: siku feza ikikosa, hii itafunguka? Akijibu ndiyo, aonyeshe leseni yenyewe, maana neno “bure” kwenye ukurasa wa muuzaji mara nyingine ni la siku thelathini tu. Na awaonyeshe namna ya kutoa majina yote bila kupitia chombo chake. Kijana anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa.

Mwanafunzi wetu hajaacha. Anaandika upya sehemu ile kwa Doctrine, usiku, mtandao unapokuwa rahisi. Upande wa wakubwa wa familia umekwisha. Jedwali la watoto bado. Akina mama ambao watoto wao hawakuonekana kwenye karatasi ya mwisho, pitieni kwa shefu wa kartye na jetoni zile za zamani, msizitupe. Tutawaandika kwa kalamu kwanza.