Dari zenu ni mikoko yetu: barua ya wazi kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, Zanzibar.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mpangaji Mkunazini, ghorofa ya pili, na ni mzaliwa wa delta ya Rufiji, upande wa Salale, wilayani Kibiti. Nimekulia kwenye mikoko na sasa nalala chini ya mikoko, kwa kuwa dari ya chumba changu, kama dari nyingi za Mji Mkongwe, ni boriti za aina ile ile ambayo wazee wetu walikata na kuipakia majahazini tangu enzi za masultani. Nakuandikia kuhusu boriti hizo. Familia zimeanza kurudi kuishi katika nyumba za Mji Mkongwe, na naogopa tutaziharibu kwa namna tunavyozitengeneza.

Kwanza niseme kwa nini napenda kuishi hapa. Kwetu Kibiti, mji umejipanga kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Duka liko ng'ambo, shule iko ng'ambo, na mtoto huvuka mbele ya malori ili afike darasani. Hapa watoto wangu wanatoka mlangoni wakaenda chuoni na dukani bila kuvuka barabara yoyote ya magari. Nikienda Darajani kununua samaki nasalimiwa kwenye baraza njia nzima, na mama mmoja wa jirani anajua mwanangu amepita saa ngapi kabla mimi sijajua. Usalama wa aina hiyo hauletwi na mlinzi wala geti. Unaletwa na watu wanaoishi hapo mchana na usiku. Mtaa ukijaa vyumba vya wageni wa siku tatu, baraza zinabaki bila wa kuzikalia.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, Serikali ikazichukua nyumba na kupangisha familia chumba kimoja kimoja. Ukarabati ulikuwa mdogo. Mamlaka yenu ilipoanzishwa mwaka 1985, nyumba nyingi zilikuwa zimechoka, nyingine zimeanguka. Mwaka 2000 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na fedha za hoteli zikaja kwa kasi zaidi kuliko fedha za makazi. Sasa naona milango iliyofungwa Kiponda na Mkunazini ikifunguliwa, na vijana wa Kizanzibari wakitafuta chumba mjini badala ya kukimbilia pembezoni. Ni jambo la kushangilia, na ndiyo sababu nasema mapema.

Mwenye nyumba yangu ameamua kuondoa boriti za ghorofa ya juu na kumwaga zege. Simlaumu sana. Boriti nzuri hazipatikani kirahisi, na fundi aliyemwita anajua nondo na saruji tu. Lakini wewe unajua, Ndugu Mkurugenzi, kwamba nyumba hizi zimejengwa kwa kuifuata boriti. Vyumba ni vyembamba, mita tatu hivi, kwa sababu mti wa mkoko hauwezi kuvuka zaidi ya hapo na kubeba sakafu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na huvuta unyevu na kuutoa. Ukizipaka saruji, chumvi na maji hukosa pa kutokea, ukuta ukaoza ndani huku nje unang'aa. Ukizitwika zege, unazibebesha mzigo ambao hazikujengewa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa. Ikiwa jumba lenye jina kubwa vile liliweza kuanguka, nani anazihesabu nyumba zetu za vichochoroni?

Nikuambie sasa yanayotokea upande wa pili wa bahari, boriti zinakotoka.

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko iliyo pamoja katika Afrika Mashariki. Mkataji huingia na mtumbwi maji yakijaa, hukata kwa shoka, hubeba mti begani akizama magotini kwenye matope, kisha hungoja maji mengine ili atoke. Miti hupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Bei hupangwa na dalali aliyekaa mbali na matope hayo. Wenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hushindana na wanaokata usiku, na mti wa usiku daima ni rahisi zaidi. Tena mkoko mkubwa ukishakatwa, kisiki chake hakichipui. Usipoachwa mti mama wa kuangusha mbegu, pale panabaki tope tupu.

Wengine wetu wamefyeka mikoko kulima mpunga. Baada ya miaka kadhaa magugu huzidi, wanahamia kipande kingine. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Kibiti na Rufiji, na waliopoteza mavuno walirudi msituni na shoka. Marufuku ya kukata bila kibali peke yake haitamzuia mtu mwenye njaa. Atazuiwa na mti uliosimama ukiwa na thamani kwake, na hakuna mnunuzi anayestahili kuupa thamani hiyo kuliko Mji Mkongwe.

Ombi langu ni hili. Kaeni na TFS, Halmashauri ya Kibiti na serikali za vijiji vya delta, mkubaliane kila mwaka nyumba za makazi zinahitaji korija ngapi, zikatwe wapi, na mkataji alipwe shilingi ngapi pale pale ukingoni mwa mto. Kila boriti itoke na alama, ili fundi wa Mkunazini ajue haikuibwa. Wachukueni vijana wa vijiji vya delta kama Nyamisati na Mbwera wajifunze kwa mafundi wenu wa chokaa waliobaki, maana nao wanazeeka. Na mwenye nyumba anayekubali kuweka boriti na kupangisha familia apewe nafuu ya ada za kibali, ambayo hoteli isipewe.

Hadi makubaliano hayo yapatikane, simamisheni vibali vya kubadilisha dari za boriti kuwa zege katika nyumba za kuishi. Na kikao cha kwanza kifanyike Nyamisati, wakataji wakiwa wamekaa mezani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpangaji wa Mkunazini, mzaliwa wa Salale, Kibiti.