Kujifunza Ukubwani: Bawa, Upepo na Ubao Urukao

Msomaji wetu mmoja akaaye Kigamboni, mtu wa miaka hamsini na ushei, ametuletea swali ambalo halijapata kufika katika ukurasa huu. Asema kuwa kila apatapo likizo huvuka kwenda Unguja, akashukia Paje, na huko amejifunza kupanda ubao juu ya maji huku ameshika bawa la upepo mikononi. Kwenda moja kwa moja aweza. Lakini kila ageukapo huanguka, na hali hiyo imemshika mwaka wa pili sasa. Wanawe humcheka, na mkewe amwambia kuwa umri wa michezo umempita. Auliza: aache, au iko njia ya mtu mzima kuendelea?

Sisi hatuoni sababu ya kuacha. Walakini twaona sababu ya kubadili namna anavyojifunza.

Kwanza tuwaeleze wasioujua mchezo huu. Chini ya ubao hufungwa mguu mrefu, aghalabu wa sentimita 70 hadi 90, na mwishoni mwa mguu huo pana mabawa mawili, la mbele kubwa na la nyuma dogo, mfano wa eropleni iliyozama. Ubao upatapo mwendo, maji yapitayo katika mabawa hayo huuinua ukatoka majini, na aliyeupanda akaenda hewani pasipo kishindo. Chombo hicho huitwa hidrofoili, nacho si kipya duniani: Enrico Forlanini wa Italia alikijaribu katika Ziwa Maggiore mwaka 1906, na katika Michezo ya Olimpiki ya 2024 watu walishindana juu yake huko Marseille, Ufaransa, wengine wakivutwa na tiara kubwa, wengine na tanga. Lililo jipya ni bawa la mkononi, lijazwalo hewa kwa pampu, ambalo limeenea tangu mwaka 2019 hivi. Vifaa vyake vipya hushinda bei ya pikipiki, kwa hiyo wengi hukodi.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Sisi tufundishao watu wazima kusoma Kurani jioni, baada ya kazi zao, twaujua ugonjwa huu. Mtu mzima akikosea herufi moja hupenda kurudi mwanzo wa sura, akaisoma yote upya kwa bidii, na afikapo pale pale akakosea vile vile. Amesoma mara kumi, na mara kumi ameufundisha ulimi kosa. Mtoto huokolewa na sikio lake. Mkubwa yampasa asimamishwe penye herufi ile, aitamke peke yake, kisha aiunge na jirani yake. Ndugu yetu wa Kigamboni afanya hayo hayo baharini. Hutoka, huenda mbali, hugeuka, huanguka, huanza tena.

Basi na agawe. Kugeuka huku upepo ukiwa mgongoni kuna mambo matatu: ubao kuzunguka, bawa kupita juu ya kichwa na mikono kubadilishana, na miguu kubadilishana. La mikono alijifunze mchangani, amesimama katika upepo, hata mikono isihitaji kuangaliwa. La miguu aliache kabisa kwa sasa: azunguke, na amalize miguu ikiwa kama ilivyokuwa, ijapokuwa mkao huo haumpendezi mtazamaji. Macho yatazame pale atakapokwenda, kwani atazamaye miguu yake huifuata majini. Na uzito uwe mbele kidogo. Wengi waogopapo huegemea nyuma, bawa la chini likapanda mpaka likatoka majini, na hapo hakuna tena cha kumbeba. Asione haya kukodi ubao mkubwa, wenye lita 20 au zaidi kupita kilo zake, na hidrofoili yenye bawa pana la mbele, liwezalo kumwinua kwa mwendo mdogo. Kijana hupenda kidogo na chepesi. Mkubwa na achague kinachomsubiri.

Jambo la pili ni maji, na hapa mwenye kalenda ya mwezi nyumbani ana elimu tayari. Siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: pwani yetu na ya Unguja maji hujaa kama saa kumi jioni na kupwa kama saa nne asubuhi, na tofauti yake hupita mita 3. Siku za karibu na tarehe nane na ishirini na tatu ni maji mafu, nayo hujaa kiasi kama saa nne asubuhi. Mguu wa hidrofoili wataka maji ya kifuani. Atokaye maji yakipwa hugonga mwamba, na mabawa yale ni makali kama visu. Paje maji yakipwa huenda mbali sana, na palipobaki ni mashamba ya mwani ya kina mama, walioanza kulima huko mwaka 1989. Vigingi vyao na kamba zao ndizo riziki zao. Mpita njia asipite juu yake hata kama upepo wamwita.

Upepo wa kusi hukaza Juni hata Septemba, na kaskazi Disemba hata Februari. Upepo utokao nchi kavu kwenda baharini asiufuate kabisa, kwa kuwa hautamrudisha. Wavuvi wa ngalawa wa Kunduchi na Mjimwema huujua upepo kwa kuutazama maji. Ndugu yetu akiwa nyumbani akakae nao, awaulize joshini na demani, na huenda akajifunza mengi kuliko kwa kununua bawa la pili.

Mwili wa miaka hamsini hauponi upesi kama wa ishirini. Avae kofia ngumu na jaketi la kuelea, na suruali ipitayo magoti, ambayo humsitiri na kumkinga na jua. Aangukapo ajitupe upande au nyuma, mbali na ubao, wala asipige mbizi. Saa moja kwa siku yatosha, na siku ya tatu apumzike. Mwalimu wake pengine atakuwa kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho. Amsikilize bila kumkatiza.

Ama kuhusu mama watoto, asiachwe nyumbani na hofu tupu. Aambiwe pahali na saa ya kutoka majini, na saa hiyo ishikwe, hata kama upepo ndio kwanza unakolea.