Mastaa, Baiskeli Siyo Pambo la Picha! Mnatuumiza

Wadau, leo naongea kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna staa mmoja hapa mjini, simtaji, mnamjua. Juzi katupia picha na baiskeli ya mlimani, ringi 29, mpya kabisa. Kasimama kwa vidole vya miguu, bomba la juu la fremu limemkaba, huku anacheka. Laiki kibao. Na kwenye komenti watu wanauliza tu, "inauzwa wapi?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "inakutosha?"

Nasema hivi kwa sababu mimi nilishaingia mkenge. Nilidunduliza miezi kadhaa, nikaenda dukani, muuzaji akaniambia "hii ndiyo anayo fulani." Nikalipa. Wiki ya pili, kwenye mteremko wa Pugu, nikafunga breki ghafla, nikaruka kushuka, bomba likanipokea pabaya. Siku tatu natembea kama bata. Mgongo unauma, viganja ganzi. Nikaiuza nusu bei. Yeye staa ikimshinda ataletewa nyingine. Mimi nani ataniletea?

Tuelewane. Ringi siyo saizi ya baiskeli! Saizi ni fremu: S, M, L, nyingine zimeandikwa kwa inchi, 15, 17, 19. Na M ya kampuni hii siyo lazima ilingane na M ya ile. Kwa hiyo ijaribu mwenyewe.

Kwanza, vaa viatu vyako, pitisha miguu huku na huku ya fremu, nyayo zote chini. Kati ya mwili na bomba la juu ibaki nafasi, angalau sentimita 5. Likikugusa, achana nayo.

Pili, kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukija kuendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunja kidogo, ndiyo inavyotakiwa. Na usishangae ukiwa umekaa nyayo zisifike chini zote, hiyo ni kawaida. Kiti kikiwa chini sana magoti yatauma kwa mbele, kikiwa juu sana nyonga zinayumba kama unacheza singeli.

Tatu, shika usukani. Viwiko vikunje kidogo. Ukijikuta umenyoosha mikono kama unaomba lifti, fremu ni ndefu kwako.

Kiti unapandisha na kushusha. Fremu hukati kwa msumeno.

Najua watakuja wa "una wivu wewe." Sawa, wivu. Lakini suruali ikikubana unairudisha, kiatu kikikupwaya unakiacha. Kwa nini kitu cha bei kubwa kuliko vyote hivyo unachukua bila kupima, kisa kuna mtu kapigia picha?

Staa, kama unasoma, shuka, kabadilishe fremu. Na wewe mdau, ulishauziwa baiskeli isiyo saizi yako? Funguka hapo chini.