SAMAKI MMOJA AKIOZA: METHALI HII SI YA KUHUKUMIA WATU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Baada ya darsa ya juzi, ndugu mmoja aliniandikia: "Sheikh, mbona unatetea magaidi? Si uwaache polisi wafanye kazi yao?" Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake.

KWANZA, tuwekane sawa. Westgate, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi waliovamiwa alfajiri. Aliyefanya hayo hana hoja mbele ya Allah. Soma Suratul Maida aya ya 32 uone uzito wa nafsi moja tu iliyouawa kwa dhulma, sembuse 148. Serikali ina wajibu wa kulinda mpaka, kukagua magari na kumshika mshukiwa. Mimi nikipekuliwa mlangoni mwa duka nainua mikono na kanzu yangu, wala sinung'uniki.

PILI, swali langu ni hili: anashikwa nani, na kwa lipi?

Aprili 2014 ulifanywa msako wa Usalama Watch. Maelfu ya watu walizolewa Eastleigh na kwengineko, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Walikuwamo wazee, akina mama na watoto. Wengi wao kosa lao lilikuwa sura na jina. Tulipouliza tukaambiwa: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Subhanallah! Samaki ni wa tengani. Mwanadamu ana mahakama, na Mola wetu katufundisha katika Suratul An'am aya ya 164 kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nyengine.

Na je, ule msako ulituletea amani? Hesabu mwenyewe. Kasarani ni Aprili 2014. Miezi miwili baadaye, Mpeketoni ikawaka. Mwaka mmoja baadaye, Garissa. Sisemi kwamba msako ndio ulioleta mashambulizi. Nasema haukuyazuia.

Utaniambia sheria zilikuwa laini. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria kali za usalama, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane vilivyokwenda kinyume na Katiba. Wapo waliolaumu mahakama. Lakini siku ile ya Garissa watoto wa watu hawakufa kwa sababu hakimu alimlinda mnyonge. Kikosi maalumu kutoka Nairobi kilichelewa kwa masaa mengi, na wauaji wakapata siku nzima. Kifungu gani cha haki kilichelewesha kikosi?

TATU, mpaka. Mpaka wetu na Somalia ni karibu kilomita 700. Jenga ukuta utakavyo, lakini mlinzi akipokea kitu kidogo, ukuta una mlango. Anayebeba silaha hakosi pesa ya kupita. Anayekwama kizuizini ni mwanafunzi aliyesahau kipande nyumbani. Kwa hivyo rushwa ya mpakani si dhambi ndogo ya askari mwenye njaa. Ni damu.

NNE, Uislamu unasemaje juu ya kupekua? Kinasimuliwa kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Usiku mmoja aliruka ukuta akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu. Umepeleleza, umeingia si kwa mlango, na hukutoa salamu. Amirul Muuminina akakubali, akamwacha. Huyu ndiye Umar! Wewe OCS ni nani hata ukubwa wako uupite wa Umar?

TANO, na hili linaniuma. Kuna mama mtaani kwetu, mwanawe nilimsomesha Juzuu Amma. Kijana alichukuliwa baada ya Alfajiri na watu wa gari lisilo na nambari. Miaka imepita. Kila Idi mama huyu huniuliza: "Sheikh, nimuombee arudi, au nimswalie?" Sina jibu. Kama kijana alikuwa na hatia, angepelekwa kortini, na mimi ningekaa pale nisikie hukumu. Katiba, kifungu cha 49, inataka mshikwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na iwapo muda huo umeishia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Na anayewasajili vijana wetu kuvuka mpaka hahitaji hotuba. Anawaonyesha machozi ya mama yule, basi.

SITA, sasa nawageukia nyinyi Waislamu wenzangu. Unayemjua muuaji ukamficha kwa kuwa ni wa kabila lako, soma Suratun Nisaa aya ya 135: haki isimamiwe hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Desemba 2015 basi lilivamiwa Mandera, wauaji wakataka abiria Wakristo watengwe. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Allah amrehemu. Yule ndiye mlinzi wa mpaka. Na watu kama yule huwapati kwa kuwavunjia milango usiku.

Kwa hivyo ukisimamishwa, usikimbie na usitukane. Uliza sababu. Jamaa zako wafike stesheni, wahakikishe jina lako limo katika kitabu cha OB, watafute wakili. Na ukijua la hatari, lipeleke, ukiwa na shahidi.

Ndugu uliyeniandikia, sitetei gaidi. Namtetea mama ambaye hata kaburi hana.

Allah atulinde na shari ya wauaji na shari ya madhalimu, na awarudishe waliopotea kwa watu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.