Lugha za Watu Wasiokuwapo



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kujibu maneno niliyoambiwa katika mdahalo wa muhula huu. Nilisimama kutetea kwamba lugha za kubuni zilizomo katika vitabu vya Bwana Tolkien zafaa kusomwa na mwanafunzi mwenye akili timamu. Nilishindwa. Msemaji wa upande wa pili, ambaye ni rafiki yangu na kitanda chake kiko juu ya changu, aliwaambia wasikilizaji kwamba kujifunza lugha ya watu wasiokuwapo ni sawa na kuhesabu meno ya kuku. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi pia nikacheka. Lakini usiku ule usingizi ulikataa kuja, maana jibu nilikuwa nalo, ila kengele ililia kabla sijalitoa.

Kwa wale wasiomjua, J. R. R. Tolkien alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Alipelekwa Uingereza angali mtoto mdogo, na baadaye akawa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1973. Kitabu chake The Hobbit kilitoka mwaka 1937, na The Lord of the Rings kilitoka kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955. Maktaba yetu inayo nakala moja ya hicho cha pili, isiyo na jalada, na mwishoni mwake mna nyongeza sita. Wengi wakifika hapo hukirudisha kitabu. Nyongeza ya mwisho ndiyo ya lugha, nami nimeisoma mara nne, kamusi ikiwa mkononi.

Watu hudhani kwamba mtu huyu alitunga hadithi kwanza, kisha akatafuta lugha za kuipamba. Sivyo. Yeye mwenyewe alieleza kwamba lugha ndizo msingi, na hadithi alizitunga ili lugha zake zipate dunia ya kukaa. Alianza mchezo huu utotoni pamoja na binamu zake, na hakuuacha mpaka uzeeni.

Katika dunia hiyo kila watu wana usemi wao. Waelfi, ambao hawafi kwa uzee, wana lugha mbili kubwa. Quenya aliijenga akifuata sauti za Kifini, lugha aliyoipenda alipokuta kitabu cha sarufi yake wakati wa kusoma Oxford. Sindarin aliipa sauti za Kiwelisi, ambacho alikiona kwanza akiwa mtoto, kimeandikwa ubavuni mwa mabehewa ya makaa ya mawe yaliyopita karibu na nyumba yao. (Mimi nimejifunza maneno kadha wa kadha ya Kiingereza kutoka nyuma ya malori, kwa hiyo namwelewa.) Lugha hizi mbili ni ndugu waliotengana, kama vile Kisambaa na Kizigua. Mti kwa Sindarin ni galadh, na kwa Quenya ni alda. Tazama jinsi ile g ya mwanzo ilivyoanguka upande mmoja na kubaki upande wa pili. Haikuanguka kwa bahati, bali kwa kanuni, nayo maneno mengine huifuata vilevile.

Vibeti, wale watu wafupi wachimbao milimani, wana lugha iitwayo Khuzdul, na wao wenyewe hujiita Khazâd. Asiyejua atasema maneno hayo mawili hayafanani sana. Lakini sisi tusemao Kiswahili tuna ufunguo wake mfukoni. Kitabu, katibu na maktaba ni maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, na ndani ya kila moja mna k, t na b kwa utaratibu uleule, irabu tu ndizo zinazobadilika. Basi fanya hivyohivyo kwa Khazâd na Khuzdul, utaona kh, z na d zimesimama kama nguzo za nyumba. Tolkien alifanya hivyo kusudi, akifuata namna ya lugha kama Kiebrania na Kiarabu. Tena Vibeti hawa huificha lugha yao. Kila mmoja ana jina la ndani ambalo hamwambii mgeni, na hata kaburini haliandikwi.

Wako pia Waenti, wachungaji wa misitu, ambao lugha yao ni ndefu na ya polepole hata hawasemi neno ila liwe lastahili kuchukua muda mrefu kulisema. Laiti wasemaji wa midahalo yetu wangekuwa Waenti.

Sasa nafika kwenye shauri lenyewe. Watu wote hawa wakikutana husema nini? Wanayo Lugha ya Wote. Kitabu chaeleza kwamba ilianza pwani, kwenye bandari na ngome za watu waliokuja kwa merikebu kutoka ng'ambo. Usemi wa mabaharia hao ukachanganyika na maneno mengi ya wenyeji, kisha lugha hiyo ikaenea ukingoni mwa bahari kwa watu wote waliokuwa na shughuli nao. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilidhani nimerudia kitabu cha historia ya pwani yetu! Kweli, hazilingani kwa kila jambo. Lugha yao ilikuwa na asili katika usemi wa wageni, na Kiswahili ni Kibantu kilichozaliwa hapahapa, kikapokea maneno ya Kiarabu na mengineyo, kisha kikapanda bara pamoja na misafara. Walakini mwendo ni ule mmoja, yaani bandari, biashara, na watu wanaotaka kuelewana. Hakuna aliyevalishwa kibao.

Nimetaja kibao kwa makusudi. Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja, palikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema kilugha alikivaa shingoni mpaka amkamate mwingine. Mimi nilikivaa mara tatu kwa kusema Kisambaa, lugha ya bibi yangu. Nilipokuja sekondari nikakuta kibao kingine, na kosa la hapa ni kusema Kiswahili, kilekile nilichovalishwa kibao cha kwanza ili nikijue! Najua sababu za walimu wetu. Masomo yetu karibu yote ni kwa Kiingereza, mitihani kadhalika, na asiyezoea kukisema atashindwa kukiandika. Sibishani na sababu hizo. Nabishana na kamba.

Maana katika dunia ya Tolkien wako wafalme waliojaribu njia hii. Thingol, mfalme wa Waelfi, aliposikia kwamba Waelfi waliorudi kutoka ng'ambo ya bahari walikuwa wamewaua ndugu zao kule, alipiga marufuku Quenya katika nchi yake yote. Hasira yake ilikuwa ya haki, lakini lugha haikuwa imemwua mtu. Basi wageni wale wakajifunza Sindarin kwa maisha ya kila siku, na Quenya wakaihifadhi kwa elimu na nyimbo. Baada ya maelfu ya miaka Frodo, ambaye si Elfi hata kidogo, aliitumia kuwasalimu Waelfi aliokutana nao msituni, nao wakafurahi mno. Kisha yuko yule mwovu Sauron, aliyetengeneza lugha yake mwenyewe akitaka watumishi wake wote waiseme. Hakufaulu. Waoki, askari wake, waliokota maneno ya wengine na kuyaharibu, kila kabila kwa namna yake, hata walipotaka kuelewana wao kwa wao iliwabidi watumie Lugha ya Wote. (Bwana Mwalimu wa zamu asidhani ninamfananisha na mtu yeyote hapo.)

Kufika hapa rafiki yangu wa kitanda cha juu angesema nimeshinda kwa urahisi mno, na kweli liko jambo ambalo sikulisema ukumbini kwa sababu lilikuwa kinyume changu. Wahobiti, wale watu wadogo wapendao chakula, hapo zamani walikuwa na usemi mwingine, kisha wakauacha wakashika Lugha ya Wote. Hakuna mfalme aliyewakataza. Yamebaki maneno machache tu ya zamani, kama vile majina ya siku, ya miezi na ya mahali.

Jambo hilo lilinichoma kuliko yote. Nyumbani kwetu hakuna kibao. Baba na mama husema Kisambaa wao kwa wao, na wakitugeukia sisi watoto husema Kiswahili, nasi hatujawahi kuuliza kwa nini. Nilipokwenda Lushoto likizo iliyopita, bibi alikaa uani jioni akizungumza na baba mkubwa, nami nilikaa kati yao nikishika neno hapa na neno pale. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa nyota. Mimi najua kwamba nyota kwa Quenya ni elen. Najua pia kwamba rafiki kwa Sindarin ni mellon, neno lililofungua mlango wa mgodi wa Vibeti. Lakini nyota kwa lugha ya bibi sikuijua, ikanibidi nimuulize kwa Kiswahili, mbele ya baba mkubwa, nami nina miaka kumi na saba.

Kwa hiyo rafiki yangu alisema kweli nusu. Lugha hizo hazina watu. Lakini kama nisingaliona jinsi mtu mmoja alivyotumia maisha yake yote kuzitunzia watu wa hadithi maneno yao, nisingalitambua kwamba ya kwangu yanadondoka.

Nina maombi mawili. Kwa Mwalimu Mkuu na walimu wetu, kwa heshima zote, naomba kibao kitolewe shingoni mwa wadogo zetu wa kidato cha kwanza, na badala yake tuongezewe jioni moja ya mazungumzo kwa Kiingereza kila juma. Mimi nitakuwa wa kwanza kuhudhuria. Kwa chama chetu cha mdahalo naomba jioni moja kila muhula ambapo kila atakaye atasimama aeleze jambo moja kwa lugha ya kwao, kisha alifasiri kwa Kiswahili. Katika bweni letu peke yake nimehesabu lugha kumi na moja, na nchi nzima ina zaidi ya 120, basi hatutakosa wasemaji.

Kwa upande wangu nimenunua daftari. Siku nne za mwisho za likizo niliandika humo maneno 214, pamoja na majina ya mimea ambayo sijui hata kwa Kiswahili yaitwaje. Bibi aliuliza kama ni kazi ya shule, nikajibu hapana, akacheka, kisha akavuta kigoda akakaa karibu. Neno la nyota alinirudisha nilitamke mara tano, na alipotusindikiza kituoni alisema bado nalitamka kama mtu wa mjini.