Majivu ya pumba yapimwe kabla ya kutiwa katika zege



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu majivu ya pumba za mpunga. Siku hizi husikika watu wakiyasifu kuwa yanaweza kushika nafasi ya saruji, na hivyo kupunguza gharama za ujenzi na kuhifadhi mazingira. Jambo hilo ni la kweli, lakini lina masharti, na masharti hayo ndiyo hayasemwi.

Kwanza tuelewe kwa nini saruji inalaumiwa. Ili kuipata, mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri lenye joto linalofikia nyuzi 1,450 za Sentigredi. Mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa yanapoungua, mbali na ile inayotokana na makaa ya mawe au gesi ya kuyachomea. Ndiyo maana viwanda vya saruji duniani hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa hiyo kila mfuko unaookolewa ni faida.

Pumba nazo si haba. Katika tani 100 za mpunga hutoka kiasi cha tani 20 za pumba, na zikiungua hubaki kiasi cha tani 4 za majivu, yaani uzito wa mifuko 80 ya kilo 50. Majivu hayo yana silika nyingi, ambayo huungana na chokaa inayotoka katika saruji iliyotiwa maji na kuzidi kulikaza zege. Wataalamu wameyachunguza tangu miaka ya 1970, na mara nyingi huyatia badala ya sehemu moja au mbili tu za saruji katika kila sehemu kumi.

Tatizo ni moto. Pumba zikichomwa kwa nyuzi 600 au 700 hivi, silika yake huwa tayari kuungana na chokaa. Joto likizidi nyuzi 800 kwa muda mrefu, silika hugeuka chembe ngumu zisizoshika, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya anayelisaga. Na zikikosa hewa ya kutosha, hubaki mkaa mweusi unaodhoofisha zege. Kwa hiyo majivu ya lundo lililochomwa nyuma ya mashine ya kukoboa, au yale ya tanuri la matofali, hayawezi kuaminiwa kwa kutazamwa tu. Hata yaliyo mazuri lazima yasagwe yawe laini. Fundi anayeyachota kwa koleo na kuyatia katika zege la nguzo anamjengea mwenzake kaburi.

Jambo jingine ni miti. Katika sehemu zinazolima mpunga, kama huku bonde la Kilombero, wachoma matofali wengi hutumia pumba badala ya kuni. Tukiwanyang'anya pumba hizo kwa ajili ya saruji, watarudi msituni na mashoka, na faida yote itakuwa imeliwa. Tena pumba ni nyepesi, hujaza lori kabla ya kulielemea. Kuzisafirisha mpaka mijini ni kuchoma dizeli bure.

Ushauri wangu ni huu. Zichukuliwe zile pumba zinazotupwa au kuchomwa ovyo kando ya mashine, si zile zenye kazi. Zichomwe hapo hapo zilipo, katika tanuri linalopimwa joto, na joto hilo litumike kukausha mpunga. Shirika la Viwango pamoja na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wayapime majivu ya kila tanuri, kisha watueleze mafundi, kwa Kiswahili chepesi, kiasi gani kitiwe na wapi. Mpaka hapo, yasitiwe katika nguzo wala sakafu za ghorofa.

Naomba wahusika walitazame jambo hili mapema, kabla majivu yasiyopimwa hayajaanza kuuzwa kwa mifuko.

Fundi Mwashi,
Ifakara.