Maradhi ya Moyo: Rai na Ushahidi

Limeenea majumbani neno la kwamba madaktari wamekosea: mafuta hayadhuru moyo, mkosa ni sukari peke yake, na vidonge vya kupunguza lehemu katika damu ni biashara tu. Mzee alisikiapo neno hili, huviacha vidonge vyake asimwambie mtu. Twaona basi yatupasa kulieleza. Wala hatulidharau, kwani lina asili.

Hitilafu hii ni ya zamani. Ancel Keys wa Marekani alishika rai kwamba mafuta ya wanyama huzidisha lehemu, nayo huziba mishipa ya moyo. John Yudkin wa London akampinga, na mwaka 1972 akatoa kitabu cha kuilaumu sukari. Hoja ya sukari haikupata insafu: mwaka 2016 ilifichuliwa kuwa wenye biashara ya sukari waliwalipa wataalamu wa Harvard kwa makala ya mwaka 1967 iliyoipunguzia sukari lawama na kuyatwika mafuta.

Wa tatu ni Kilmer McCully. Mwaka 1969 alisema kuwa mishipa huharibiwa na homosisteini, kitu kilichomo katika damu ambacho vitamini za aina ya B hukipunguza. Rai hii ilipimwa. Mwaka 2006 yalitolewa majaribio mawili makubwa: homosisteini ilipungua kweli, lakini mishtuko ya moyo haikupungua.

Rai ya lehemu nayo ilipimwa. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia. Nusu walipewa dawa ya kupunguza lehemu, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka mitano na zaidi, katika waliokosa dawa walikufa 256. Katika waliopewa, 182.

Funzo ni hili: mwenye kupinga wengi si lazima awe mwongo, wala kuonewa hakumfanyi kuwa mkweli. Rai hupimwa kwa ushahidi. Sukari kupatikana na hatia hakuyaachii huru mafuta. Chai iliyojaa sukari na maandazi ya kila asubuhi yapunguzwe, na samli vilevile. Ama tumbaku na shinikizo la damu, madhara yake kwa moyo yamethibiti.

Ni kweli kwamba asiyepata kuugua moyo hafaidiki na vidonge sawa na aliyekwisha ugua, na vidonge vyaweza kuwa na taabu zake. Lakini mizani hiyo ni ya daktari na mgonjwa kwa pamoja, si ya uvumi wa barazani.

Enyi vijana, mwonapo mzee ameacha dawa, msimgombeze. Mpelekeni kwa daktari pamoja na swali lake, aliulize bila ya haya. Kuuliza si ujinga; bali mficha maradhi, kifo humuumbua.